Kulala Bomani kwa Hiari

Zamani babu zetu wa pande hizi za Ziwa wakisikia kwamba fulani amelala bomani, hawakuuliza kitanda kilikuwaje. Waliuliza amefanya kosa gani, au kodi yake imebaki kiasi gani. Boma lilikuwa mahali pa kuitwa, si mahali pa kwenda. Mtu alikwenda roho mkononi, na akirudi jioni ile ile akiwa mzima, jirani walikuja kumpa pole na mama wa nyumba alishika kuku.

Siku hizi wako watu ambao hutoka mbali sana, wengine hata ng'ambo ya bahari, nao hulipa fedha nyingi wapate kulala bomani usiku mmoja au siku mbili. Hawakuitwa na karani wala hawakufungwa kamba. Hupewa shuka nyeupe, chandarua, maji ya kuoga na kahawa ya asubuhi, na wakiondoka hushukuru. Ngome iliyojengwa ili watu waiogope imegeuka nyumba ya wageni. Je, jambo hili ni jema? Mimi naona ni jema, lakini si kwa kila namna, na ndiyo maana nataka tulitazame pamoja polepole.

Kwanza ujue kwamba wazo hilo halikuzaliwa kwetu. Huko Hispania, tangu mwaka 711, Waarabu na Waberberi walivuka bahari kutoka Moroko, wakatawala sehemu kubwa ya nchi ile, na mji wao wa mwisho, Granada, haukuanguka mpaka mwaka 1492. Wahispania waliwaita Wamoro. Watu hao walikuwa mafundi hodari wa kujenga. Waliacha ngome zenye minara, milango ya upinde kama kwato ya farasi, nyua za ndani zenye maji ya kububujika, na kuta nene zinazozuia joto la kiangazi. Baada ya wao kushindwa, ngome nyingi zilikaa bila kazi. Watu wa karibu wakabomoa mawe wakajengea mazizi.

Basi serikali ya Hispania ilifanya jambo la akili. Mwaka 1928 ilifungua nyumba yake ya kwanza ya wageni katika milima ya Gredos, na baadaye ikaendelea kutengeneza majumba ya kale, ngome na hata nyumba za watawa zilizoachwa, ikayafanya hoteli za fahari zilizo mali ya serikali yenyewe. Sasa ziko karibu 100. Moja iko Carmona, karibu na Seville, ndani ya ngome ya Wamoro iliyo juu ya genge. Mfalme Pedro aliifanya jumba lake katika karne ya 14, tetemeko la ardhi la mwaka 1504 likaivunja, ikakaa magofu kwa miaka mingi mno, na mwaka 1976 ikafunguliwa kuwa hoteli. Nyingine iko Granada, katika nyumba ya zamani ya Wafransisko iliyojengwa mahali pa jumba la watawala Waislamu. Malkia Isabella alizikwa humo alipofariki mwaka 1504, mpaka mwili wake ulipohamishiwa kanisa lingine mwaka 1521. Leo wageni hunywa chai hatua chache tu kutoka kaburi lile la kwanza. Mawe ya nyumba hayachagui mpangaji.

Sasa turudi kwetu. Mtindo ule wa ujenzi wa Waarabu ulijulikana pwani yetu miaka mingi kabla ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Nao Wadachi walipofika hawakuleta mtindo wa kwao peke yake. Waliona nyumba za Unguja, Kilwa na Lamu, wakaziiga. Ukifika Dar es Salaam utazame hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897. Matao na vichwa vyake vya mviringo vinafanana na vya Wamoro kuliko vya Berlin. Kadhalika maboma yao ya pwani yalipewa kuta nyeupe, meno juu ya ukuta, mnara wa pembeni, na mlango wa mbao za kuchongwa.

Boma moja la namna hiyo liko Mikindani, kusini kabisa, kilomita kama kumi tu kutoka Mtwara mjini. Lilijengwa mwaka 1895, nalo sasa ni hoteli. Hoteli si kubwa. Vyumba vyake ni vichache, na mwenye kuzoea hoteli za Dar es Salaam za ghorofa ishirini aweza kuiona ndogo. Lakini nchini mwetu sijui nyumba nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi kama hiyo.

Mikindani ni mji wa zamani. Ghuba yake ni ya mviringo, imetulia kama bakuli la uji, na majahazi yalitia nanga humo yakichukua pembe za ndovu, sandarusi na watu. Ndiyo, watu. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilileta watumwa mpaka pwani hii. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho, ile ambayo hakurudi akiwa hai. Mwaka 1890 majeshi ya Wissmann yaliutwaa mji pamoja na Kilwa na Lindi, na miaka mitano baadaye boma likasimama juu ya kilima, likiutazama mji mzima kwa chini kama mwewe anavyotazama vifaranga.

Waingereza walipokuja nao walilitumia. Kisha baada ya Vita Kuu ya Pili ukatokea mradi ule wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Ghuba ya Mikindani ilikuwa na maji machache kwa meli kubwa, bandari mpya ikajengwa Mtwara, na ofisi zote zikahama. Karanga hazikustawi, reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa, lakini Mtwara ikabaki mji na Mikindani ikabaki na historia. Boma likawa mikononi mwa polisi, mwisho likaachwa. Ukuta uliofanywa kwa chokaa, ukiachwa bila paa kwa masika machache, huanza kurudi mchanga.

Mwaka 1996 huko Uingereza liliundwa shirika la hisani liitwalo Trade Aid, nalo lilichukua kazi ya kulitengeneza boma hili na kuligeuza hoteli, kwa shabaha kwamba vijana wa Mikindani wapate kazi na mafunzo: kupika, kupokea wageni, kutunza bustani, kuhesabu fedha. Angalia vizuri shabaha hiyo, maana nitairudia.

Hebu sasa tuseme wewe ndiwe mgeni. Umeshuka basi barabarani, jua la saa nane linachoma, kanzu imekushika mgongoni. Unapanda kilima kidogo, unafika mbele ya mlango mkubwa wa mbao nzito zilizochongwa maua na minyororo kwa mkono. Unaingia. Jambo la kwanza unalolihisi si uzuri, ni ubaridi. Hakuna mashine iliyouleta. Ukuta wenyewe ndio unaofanya kazi.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunajenga, na elimu hii yatufaa. Kuta za pwani hujengwa kwa mawe ya tumbawe, yaani mawe ya baharini yenye vitundu vingi, unene wa mkono mmoja au zaidi. Mawe hayo hayashikwi kwa saruji bali kwa chokaa. Chokaa nayo ni tumbawe lile lile lililochomwa: mafundi hupanga magogo kwa duara kama kitanda kikubwa, hurundika vipande vya tumbawe juu yake, hutia moto, na moto huwaka usiku na mchana. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji, nayo huchemka yenyewe na kupasuka yakawa unga mweupe. Unga huo hulazwa kwa muda mrefu ukiwa na maji kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi mwenye haraka hawezi kazi ya chokaa.

Ukuta kama huo hupumua. Unyevu ukiingia wakati wa mvua hutoka tena wakati wa jua. Joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya unene wake, na linapofika ndani tayari ni usiku na upepo wa bahari umekwisha kuja kulifukuza. Ndiyo sababu mafundi wanaotengeneza nyumba za kale hukatazwa kuzipaka saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi maji vizuri. Unyevu hufungiwa nyuma yake, chumvi hukua ndani, na lipu huanguka vipande vipande huku ikibandua na jiwe. Wewe mwenye nyumba ya matofali mabichi uliyeipaka saruji kwa nje, ukaona baada ya masika mawili lipu inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, usimlaumu fundi peke yake. Udongo na saruji hawakuwa wachumba wa kuoana.

Tazama na dari. Desturi ya nyumba za pwani ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na urefu wa boriti huwa mita tatu hivi. Kwa hiyo vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba. Mti wa baharini ndio uliompimia fundi upana wa chumba. Nasi wa Usukuma je? Zamani upana wa nyumba zetu ulifuata miti tuliyoipata, na leo unafuata urefu wa bati.

Jioni unapanda mnarani. Askari aliyesimama hapo zamani alitazama kama kuna watu wanaokuja na silaha. Wewe unatazama ngalawa zikirudi, watoto wakicheza mpira ufukweni, minazi, na mapaa ya makuti na mabati. Nyuma kuna bustani na dimbwi la kuogelea. Hapo nakiri nilisita niliposoma habari zake. Dimbwi la kuogelea ndani ya boma! Lakini mgeni aliyepanda kilima kile saa nane hatalipinga.

Usibaki juu tu, hata hivyo. Shuka mjini. Utaona nyumba za kale za mawe, baadhi zikiwa na vibaraza vya mbao, nyingine zikiwa zimekwisha kuanguka na mti umeota katikati ya sebule. Utaonyeshwa nyumba yenye kibao cha jina la Livingstone. Utaonyeshwa na jengo la matao linaloitwa soko la watumwa. Kutoka kitanda chako mpaka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu, na hapo ndipo swali linapoanza kuuma.

Wako wanaosema: mahali palipotoka vilio si mahali pa kunywa maji ya machungwa yenye barafu. Siwadharau. Mwaka ule ule wa 1895 boma la Mikindani lilipojengwa, Wadachi walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa, kwa kuwa alikataa utawala wao, pamoja na wenzake. Mwembe walionyongewa uliitwa Mwembe Kinyonga. Miaka mitatu baadaye ikaja kodi ya nyumba, na asiyekuwa na rupia alikwenda kufanya kazi ya nguvu. Mwaka 1905 ikazuka Majimaji, na nchi ya kusini ikala njaa baada ya mashamba kuchomwa. Maboma hayakuwa nyumba za mapambo. Kila jiwe lilibebwa na mtu, na huyo mtu hakuwa ofisa.

Nami nawajibu hivi: je, tukiliacha boma lianguke, wale waliobeba mawe watapata nini? Popo hawasimulii habari za mtu. Gofu likiisha kuwa kifusi, mtoto atapita hapo na mbuzi wake bila kujua. Nyumba iliyosimama yaweza kuulizwa maswali. Lakini lazima awepo wa kuyajibu. Hoteli inayomwonyesha mgeni mlango wa kuchongwa na kumficha habari ya kodi, kiboko na minyororo, hiyo imepaka saruji juu ya chokaa, na maji yatatoka tu siku moja. Na hoteli ambayo mtoto wa kijiji huiona kwa kupitia nyufa za uzio, hiyo bado ni boma lile lile la zamani, ila askari wa mlangoni amebadilishwa sare.

Labda unasema moyoni, Mikindani ni mbali, mambo ya pwani waachie wa pwani. Basi sikiliza ya kwetu. Kutoka hapa kwenda Musoma ukifika Bunda, ukakata kulia kuelekea Nata, mbele utafika nchi ya Waikoma, pembeni mwa Serengeti. Huko Wadachi walijenga ngome mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa vita, mwaka 1917, ofisa mmoja Mdachi jina lake Naumann, aliyekuwa amejitenga na jeshi lao kuu pamoja na askari wake, aliivuka reli ya kati akaja mpaka Ikoma akaishika ngome hiyo. Waingereza na Wabelgiji wakamfuata. Alitoroka, na alipokubali kushindwa mwezi wa Oktoba alikuwa amefika pande za Kondoa. Katika safari hiyo yote waliobeba mizigo, na wengi waliokufa njiani, walikuwa watu wa nchi hii.

Katika miaka ya 1960 ngome ya Ikoma nayo ikafanywa hoteli. Katika vitabu vya wasafiri vya siku zile iliwekwa pamoja na hoteli za Seronera na Lobo. Wageni walikuja kutazama nyumbu, kisha walirudi kulala ndani ya kuta za askari. Lakini wengi wao waliingilia Nairobi, wakapitia Maasai Mara. Mwezi wa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na ukakaa umefungwa mpaka mwaka 1983. Wageni wakakoma kama bomba lililokatwa. Hoteli ya ngome ya Ikoma haikudumu. Leo jina limebaki kwenye lango la hifadhi, na wengi wanaopita langoni hapo hawajui kwamba zamani mtu aliweza kuomba chumba katika ngome.

Naiona habari hii ya Ikoma kuwa nzito kuliko ile ya Mikindani. Ngome ile ilitegemea mlango mmoja tu wa wageni, na mlango huo ulikuwa katika nchi nyingine. Watu wa vijiji vya jirani hawakuwa na sababu ya kuilinda, maana haikuwa yao. Linganisha na yaliyofuata katika nchi ile ile. Katika miaka ya 2000 vijiji vitano, yaani Robanda, Nata-Mbiso, Nyichoka, Makundusi na Park Nyigoti, viliungana wakafanya hifadhi ya jamii ya Ikona. Wenye kambi za wageni hulipa, na vijiji hupata fungu lao. Sisemi hakuna ugomvi. Tembo hula mahindi, simba hula ng'ombe, na fedha ikiingia kijijini haikosi wa kuitolea macho. Walakini mkutano wa kijiji sasa una neno la kusema, na mtu mwenye neno la kusema hujali kama paa linavuja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikitokea siku moja mtu akaja kijijini kwako na ramani mkononi, akasema jumba lile la kale la serikali au la mfanyabiashara wa pamba analitaka kwa hoteli ya fahari, usikimbilie kumfukuza wala usikimbilie kumshangilia. Mwulize nani atapikia wageni na nani atawafundisha wapishi hao. Mwulize mboga, samaki na mayai atayanunua wapi. Mwulize kama shule itaruhusiwa kuingia siku fulani bila kulipa. Mwulize wageni wakikoma kuja, kama walivyokoma mwaka 1977, paa litatengenezwa na nani. Majibu hayo yaandikwe, yasomwe mkutanoni, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine kwa mwalimu.

Na kama wewe mwenyewe wataka kwenda kuona, haina haja kuwa tajiri. Kwa Mikindani, pandia basi la Dar es Salaam pale Usagara, kisha Dar es Salaam tafuta basi la Mtwara. Ni kilomita zaidi ya 500 nyingine, lakini mto Rufiji hausumbui tena kama zamani za kivuko, maana daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Lala nyumba ya wageni ya bei nafuu Mtwara mjini, na kesho yake panda daladala mpaka Mikindani. Panda kilima, bisha mlangoni kwa adabu, omba kuagiza kikombe cha kahawa au soda, na uulize kama waweza kupanda mnarani. Nenda jioni, jua likiwa bado juu ya ghuba. Ukiwa na mtoto, mwache apapase ukuta kwa mkono wake, kisha mwambie ni nani waliobeba yale mawe.